Kijana Akiitwa Kushindana Nje ya Nchi: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuuza Shamba



Katika mikutano yetu na vijana, kutoka Makobola hadi Baraka, kuna swali ambalo hurudi karibu kila mara. Huulizwa na baba aliyeacha nyumba yake, na mama anayelea watoto wa ndugu zake, na wakati mwingine na chefu wa kijiji mwenyewe: kuna mtu anasema anaweza kumpeleka kijana wetu nje ya nchi kucheza, je, ni kweli? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo. Hatutasema kwamba safari za namna hiyo hazipo. Zipo, na vijana wa Afrika yetu, hata wa Kivu ya Kusini, wamezifanya. Lakini ukizichunguza moja baada ya nyingine utaona kwamba kipaji peke yake hakikumvusha mtu mpaka hata mmoja. Kilichomvusha ni karatasi alizokuwa nazo na watu waliosimama nyuma yake. Kwa hiyo mzazi mwenye busara hawezi kuishia kuuliza kama mtoto wake anajua kucheza. Anauliza pia ni nani anamtuma, ni nani atashika pasipoti yake, na ni nani atamrudisha nyumbani.

Mkimbiaji wa Eldoret juu ya theluji

Tuanze mbali kidogo, kwa mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi na mtu yeyote. Tunauchagua kwa sababu unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mpira.

Theluji tunaijua zaidi kwa jina. Katika nchi yetu theluji ya kudumu iko juu ya milima ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, ambako kilele kirefu kinafika mita 5,109. Lakini katika nchi za kaskazini theluji hufunika mashamba na misitu kwa miezi mingi, na watu wake walijifunza zamani kutembea juu yake kwa mbao za skii. Mshindani wa mbio ndefu za skii hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba. Ncha ya kiatu imeshikwa na ubao, lakini kisigino kiko huru, na mikononi ana fimbo mbili za kujisukumia. Anateleza, anajisukuma, anapanda vilima kwa nguvu za mikono na miguu. Chini ya mbao hupakwa nta, na nta hiyo huchaguliwa kulingana na baridi ya siku ile. Ukikosea nta, mbao zinanata, au zinarudi nyuma unapopanda mlima. Ndiyo maana nyuma ya kila mshindani kuna mtu wa nta, kocha, mtu wa kulipa nauli na chakula, na shirikisho lililoandikisha jina lake. Anayefika mwenyewe, bila watu hao, ameshindwa kabla ya kuanza.

Philip Boit alizaliwa mwaka 1971 nchini Kenya, upande wa Eldoret. Alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati, naye ni wa ukoo wa Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimchukua Philip pamoja na Mkenya mwenzake, Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii. Boit hakuwa ameona theluji maishani mwake. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia katika Olimpiki za majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo.

Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25, akawa wa 92, yaani wa mwisho. Dæhlie, ambaye katika maisha yake alipata medali 8 za dhahabu za Olimpiki, alikataa kuondoka. Alimngoja Boit mwishoni mwa njia na kumkumbatia, na sherehe ya medali ikacheleweshwa kwa ajili hiyo. Boit alirudi Kenya, na mtoto wake wa kiume aliyezaliwa akampa jina la Dæhlie. Alishiriki tena Olimpiki za Salt Lake City mwaka 2002 na za Torino mwaka 2006. Nyumbani, ambako hakuna theluji, alifanya mazoezi kwa mbao zenye magurudumu.

Watu wengi hupenda kusimulia habari hii kwa sababu ya kule kukumbatiana. Ni habari njema kweli. Lakini kwa mzazi, sehemu yenye mafunzo ni ile isiyosimuliwa. Boit hakulipa nauli yake. Hakuuza ng'ombe ili afundishwe. Kampuni iliyolipa ilijulikana jina lake na sababu yake pia: ilitaka watu waione bidhaa yake, na hilo si kosa ikiwa kila mtu analijua tangu mwanzo. Kamati ya Olimpiki ya Kenya ndiyo iliyompeleka, kwa kuwa katika Olimpiki mtu hawezi kujiandikisha mwenyewe. Alisafiri kwa hati za nchi yake, na alirudi kwa hati hizo hizo.

Tena, tusimsahau Bitok. Vijana wawili walikwenda kujifunza, lakini Nagano alishindana mmoja. Hata pale ambapo kila kitu kimefuata sheria, nusu ya waliochaguliwa wanaweza kubaki nje ya mashindano. Yeyote anayemwambia mzazi kwamba mtoto wake ana uhakika wa kucheza huko aendako, tayari amesema uongo.

Mfano mwingine ni wa Robel Teklemariam, Mwethiopia aliyezaliwa Addis Ababa na kukulia Marekani. Alitaka kushindana skii kwa jina la Ethiopia, lakini nchi ile haikuwa na shirikisho la mchezo huo. Ilibidi kwanza alianzishe. Ndipo akashiriki Olimpiki za 2006 na za 2010. Shirikisho ndilo mlango, na asiyepita mlangoni huwa amepitishwa mahali pengine.

Wawili wa Bukavu

Sasa tuje nyumbani. Popole Misenga na Yolande Mabika wote walizaliwa Bukavu. Wote walitenganishwa na familia zao wakiwa watoto wakati wa vita. Misenga alipotea msituni kwa siku 8 kabla ya kupatikana, akapelekwa Kinshasa, na Mabika pia alifikishwa huko bila wazazi. Katika vituo vya watoto walifundishwa judo, wakawa hodari, wakaingia katika timu ya taifa.

Mwaka 2013 timu hiyo ilikwenda Rio de Janeiro, Brazili, kwa mashindano ya dunia ya judo. Wote wawili wameeleza mbele ya waandishi wa habari kwamba waliowaongoza walichukua pasipoti zao na pesa, wakaachwa hotelini bila chakula cha kutosha. Misenga alieleza pia kwamba huko nyuma, mchezaji aliyeshindwa alikuwa akifungiwa mahali na kunyimwa chakula. Waliondoka hotelini, wakawa katika mji ambao hawakujua lugha yake, hawana hati, hawana mtu. Waliomba hifadhi, na mwaka 2014 wakatambuliwa kuwa wakimbizi.

Walichopitia kabla ya kupata msaada si jambo la kutamani. Baadaye walipokelewa katika klabu ya judo ya Rio, Instituto Reação, wakafundishwa na kocha Geraldo Bernardes. Mwaka 2016 Olimpiki zilipofanyika katika mji huo huo, wote wawili walikuwamo katika Timu ya kwanza ya Olimpiki ya Wakimbizi, yenye wachezaji 10. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India katika uzito wa kilo 90, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Mabika alishindwa katika pambano lake la kwanza.

Vijana wetu wanaijua habari hii, na wengine hutoa hitimisho la haraka: basi ukifika huko, potea, utapata maisha. Mimi sitawahukumu wale wawili. Mtu aliyenyang'anywa hati na kuachwa na njaa ana haki ya kutafuta usalama, na sheria ya kimataifa inamruhusu kuomba hifadhi. Lakini wazazi wawaambie vijana pia upande wa pili. Hao wawili walijulikana kwa sababu Olimpiki zilikuja hadi mlangoni kwao, na wengi hawakupata bahati hiyo. Na timu ikirudi nyumbani pungufu, ubalozi hukumbuka. Kijana wa mwaka unaofuata, mwenye barua zote na nia ya kurudi, ndiye anayenyimwa viza.

Jambo la kushika hapa ni pasipoti. Kiongozi wa timu anaweza kuzikusanya pasipoti uwanjani ili zisipotee, hiyo ni desturi. Lakini kijana awe na kopi mfukoni, familia ibaki na kopi nyingine yenye namba inayosomeka, na kiongozi aseme mbele ya wazazi, kabla ya safari, kwamba kijana akiomba hati yake atapewa saa hiyo hiyo. Kiongozi anayekasirishwa na ombi hilo amejieleza.

Mkimbizi na mkimbizi wa ndani hawana hati moja

Tumchukue kijana wa Makobola ambaye familia yake imehamia Baraka kwa ajili ya vita, na kijana Mrundi anayeishi kambi ya Lusenda. Wanacheza timu moja, wanakula mihogo na ndagala ile ile, na wote wawili watu huwaita wakimbizi. Lakini mbele ya sheria ni watu wa hali tofauti, na kutojua tofauti hiyo kumewapotezea wengi muda na pesa.

Kijana wa Lusenda amevuka mpaka. Yeye ni mkimbizi kamili, na akisafiri hapaswi kwenda kuomba pasipoti ya Burundi, kwa maana kufanya hivyo kunaweza kuleta swali kama bado anahitaji kulindwa. Mkataba wa Geneva wa 1951 unasema nchi inayompokea ndiyo impe hati ya kusafiria. Kwetu aulize Tume ya Taifa ya Wakimbizi, CNR, pamoja na HCR. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu Wakongomani walioko Nyarugusu nchini Tanzania: wao wapite kwa viongozi wa huko, wasirudi kimya kimya kutafuta pasipoti ya Kongo huku wakiendelea kuhesabiwa kambini.

Kijana wa Makobola hajavuka mpaka. Ni mkimbizi wa ndani, bado ni raia mwenye haki zake zote, na hati yake ni pasipoti ya Kongo kama raia mwingine yeyote. Hii ina faida, lakini ina pia mlango uliofungwa. Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, iliyokuwa na wachezaji 29 katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 na wachezaji 37 Paris mwaka 2024, inachukua waliotambuliwa kuwa wakimbizi tu. Misaada ya mazoezi inayotolewa kwa wakimbizi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inaombwa kwa kupitia kamati ya Olimpiki ya nchi wanayoishi, nayo pia si ya wakimbizi wa ndani. Mtu akija Baraka na kusema anaandikisha wakimbizi wa ndani kwa timu hiyo, kwa malipo au bure, mrudishe alikotoka.

Kuna wakati hata bingwa hukwama katikati ya hati mbili. Dominic Lobalu alizaliwa Sudani ya Kusini, akakimbilia Kenya, akafanya mazoezi huko na timu ya wakimbizi. Mwaka 2019, baada ya mbio mjini Geneva, hakurudi na wenzake; aliomba hifadhi Uswisi. Mwaka 2024 alishinda dhahabu ya mita 10,000 ya Ulaya mjini Roma akivaa jezi ya Uswisi. Wiki chache baadaye, Olimpiki za Paris zikaja, na kwa kuwa hakuwa bado raia wa Uswisi hakuweza kuikimbilia. Alikimbia mita 5,000 kwa Timu ya Wakimbizi, akawa wa nne. Mtu yule yule, miguu ile ile, bendera mbili ndani ya miezi michache, na yote kwa sababu ya karatasi.

Cheti cha kuzaliwa ndicho mwanzo

Kwa familia nyingi za Makobola karatasi ndipo penye kidonda. Sihitaji kumkumbusha msomaji wa hapa yaliyotokea kati ya 30 Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Waliopona walikimbia na nguo walizovaa. Watoto wengi walizaliwa baadaye Lugufu au Nyarugusu, wengine njiani, na wengine baada ya familia kurejea kwa meli kutoka Kigoma. Vita vilipofika Uvira Desemba 2025, watu wengi walivuka kwenda Burundi na wengine wakashuka kando ya ziwa upande wa Fizi, na mara nyingine tena kuna mifuko ya karatasi iliyoachwa nyumbani.

Bila cheti cha kuzaliwa hakuna pasipoti, na bila tarehe ya kweli hakuna mashindano ya vijana. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 tangu mtoto kuzaliwa ili amwandikishe katika ofisi ya eta-sivili bila malipo. Zikipita siku hizo, inahitajika hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti, na hapo kuna safari, mashahidi na gharama. Nawasihi viongozi: kijana akionekana ana kipaji, anzeni na hukumu hiyo mapema, msingoje barua ya mwaliko. Barua huja ikibaki mwezi mmoja, na mwezi mmoja hautoshi.

Hapa kuna kishawishi kikubwa, nacho ni kupunguza umri. Mtu atasema, mwandikishe ana miaka 15, ndipo wazungu watamtaka. Kijana huyo atabeba tarehe hiyo ya uongo hadi uzeeni. Siku karatasi zake za shule zitakapoonyesha mwaka mwingine, atafungiwa kucheza, na kila hati yake nyingine itatiliwa shaka, hata ile ya urithi wa shamba.

Pasipoti nayo ina bei. Tangu mwaka 2015 iliuzwa dola 185, mwaka 2020 ikashushwa hadi dola 99. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisini bei ya siku hiyo, tena muulize wenyewe, si kwa kupitia mtu. Kumbukeni pia kwamba karatasi ya CEPGL inayowavusha watu kwenda Burundi na Rwanda haimpeleki mtu Ulaya. Na viza ya nchi nyingi za Ulaya haitolewi Baraka wala Bukavu, inaombwa Kinshasa. Atakayelipa safari ya Kinshasa ni swali la kuuliza siku ya kwanza.

Wakala wa mpira

Skii na judo ni michezo ya wachache. Kwetu udanganyifu huvaa jezi ya mpira. Mtu anakuja na simu yenye picha za viwanja, anatazama mechi moja, anamchagua mvulana mmoja au wawili, na jioni anakaa na baba. Anasema klabu ya Ubelgiji au ya Uturuki imeshamkubali. Kinachobaki ni pesa kidogo ya fomu, ya vipimo vya daktari, ya viza. Baba anauza shamba au nyavu, au anakopa kwa wajomba.

Kwanza, sheria. Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu uhamisho wa wachezaji inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine. Kuna ruhusa chache. Moja ni pale wazazi wanapohamia nchi ile kwa sababu zisizohusu mpira. Nyingine ni kwa mtoto aliyekimbia nchi yake kwa sababu za kibinadamu. Iko pia ya wanaoishi mpakani: nyumba ya mchezaji isizidi kilomita 50 kutoka mpaka, klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50, aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Kwa hiyo kijana wa Uvira kucheza Bujumbura akirudi kulala kwao ni jambo linaloweza kuzungumzwa. Mvulana wa miaka 15 wa Makobola kusajiliwa na klabu ya Ubelgiji, huku wazazi wake wakiwa hapa, haliwezekani. Ukijua kanuni hii moja, umefunga mlango mbele ya wadanganyifu wengi.

Kusafiri kwa mashindano ya siku chache ni jambo jingine, hilo linaruhusiwa hata kwa watoto. Lakini hapo mwaliko hutoka kwa waandaaji kwenda kwa shirikisho: FECOFA kwa mpira, Kamati ya Olimpiki ya Kongo kwa Olimpiki za vijana, kama zile zilizopangiwa Dakar, Senegali, kuanzia 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026. Kiongozi anaweza kwenda kwa wakubwa wa mpira wa Fizi au Uvira na kuuliza kama jina la mashindano hayo linajulikana. Swali hilo halina malipo. Ulizeni pia tikiti: ni ya kwenda na kurudi? Nani atalala chumba kimoja na watoto? Wasichana wana kiongozi mwanamke? Akivunjika mguu, nani atalipa hospitali? Akipata zawadi ya pesa, itagawanywaje, na imeandikwa wapi? Mzazi wa mtoto aliye chini ya miaka 18 atoe ruhusa kwa maandishi, na maandishi hayo yataje tarehe ya kurudi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaadhibu biashara ya watoto, na anayemsafirisha mtoto kwa uongo anaweza kushtakiwa kwayo, hata kama baba alitia sahihi.

Nasema wazi, katika safari ya kweli ya timu familia hainunui nafasi ya mtoto. Inaweza kuchangia nguo au nauli ya kufika Uvira. Ikiombwa mamia ya dola na mtu mmoja, mkononi, bila risiti ya shirikisho, hiyo ni biashara, na bidhaa ni mtoto.

Linalotuumiza sisi wa kazi ya amani ni kinachofuata. Shamba lililouzwa mara nyingi ni la ukoo, na ndugu waliokuwa ukimbizini hawakuulizwa. Wanaporudi wanalikuta na mwenye mali mwingine. Tunajua ugomvi wa mashamba umetugharimu nini katika Fizi. Wakala ameshavuka ziwa, na waliobaki wanashikana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Chefu akisikia kwamba familia inauza ardhi kwa ajili ya safari ya mchezo, awaite pande zote za ukoo kabla karatasi ya mauzo haijaandikwa.

Majina ya wasafiri

Bado kuna orodha ya wanaosafiri. Tegla Loroupe, Mkenya aliyeshinda mbio za New York mwaka 1994 na 1995, tangu mwaka 2003 alianzisha mbio za amani Kapenguria, akiwakutanisha Wapokot, Waturkana na majirani wengine walioibiana ng'ombe na kuuana. Baadaye alikwenda kambi ya Kakuma kutafuta wakimbiaji. Aliwapima mbele ya watu wote, saa mkononi, na kati yao watano, wote wa asili ya Sudani ya Kusini, walikimbia Rio mwaka 2016 akiwa kiongozi wa timu.

Alifanya uchaguzi hadharani, na kwetu hilo lina uzito. Nafasi tatu zikipatikana kwa vijana wa eneo letu, na majina matatu yakatoka kwa kabila moja, au kwa mtaa wa mwenye shirika, mashindano hayo yameleta chuki kabla ya kuanza. Wababembe, Wafuliru, Wabanyamulenge, Wabwari, Warundi wa kambini, wenyeji na waliohamia, wote wana watoto wanaokimbia. Mchujo ufanyike uwanjani mchana, saa na alama zisomwe kwa sauti, na matokeo yabandikwe mahali panaposomeka. Kijana aliyeachwa aweze kuona kwa sekunde ngapi ameachwa.

Kwa wakati huu, kazi inayoweza kufanyika bila kungoja mwaliko wowote ni hii: kila timu ya vijana kati ya Makobola na Baraka iwe na daftari moja la majina, tarehe za kuzaliwa, na alama kwa wale ambao hawana cheti. Daftari hilo liletwe kwa chefu na katika mikutano yetu ya kila mwezi, ili wale wasio na cheti wapelekwe mahakamani kwa kikundi, jambo linalopunguza safari na gharama. Na wenye watoto wachanga, wakiwemo waliozaliwa katika mahema, wahesabu siku 90.